Maelezo ya Zana: Nyaraka Anazozisoma Wakala

Kwa waandishi wa programu, nyaraka ni zile kurasa ambazo mtu huzifungua akikwama. Zinakaa pembeni, kazi inaendelea bila kuzigusa, na wengi wetu hatuzigusi mpaka mambo yaharibike. Lakini tangu programu za akili bandia zianze kupewa uwezo wa kuita huduma nyingine zenyewe, yamezuka maandishi ya namna tofauti, ambayo napendekeza tuyaite maelezo ya zana. Mara nyingi ni aya moja fupi. Hayakai pembeni hata kidogo, na ndiyo maana naona neno nyaraka haliyatoshi.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu maneno mengine mawili. API ni njia rasmi ambayo programu moja huitumia kuomba data au kazi kwa programu nyingine. Vitabuni utakuta kiolesura cha programu, ila ofisini watu husema API tu, na sioni sababu ya kugombana nao. Wakala ni programu ya akili bandia inayopewa lengo, kisha ikaamua yenyewe hatua za kulifikia. Wapo wanaosema ajenti. Mimi nabaki na wakala, kwa kuwa anayesema Kiswahili anajua tayari kwamba wakala hafanyi kazi kwa jina lake. Wakala wa forodha hutoa mzigo bandarini kwa idhini ya mwenye mzigo, naye akivuruga, hasara humwangukia aliyemtuma.

Sasa tuangalie maelezo yenyewe yanavyofanya kazi. Katika itifaki ya Model Context Protocol, iliyotangazwa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024, seva huulizwa ina zana gani. Kila zana inakuja na jina lake, maelezo kwa lugha ya kawaida, na muundo wa vigezo inavyovipokea, ulioandikwa kwa JSON Schema. Modeli ya lugha iliyo ndani ya wakala haioni msimbo ulio nyuma ya zana. Huwekewa hayo pamoja na ombi la mtumiaji, na kwa hayo huamua iite zana ipi, lini, na kwa vigezo gani. Ukibadilisha sentensi moja ya maelezo, umebadilisha mwenendo wa programu bila kugusa hata mstari mmoja wa msimbo.

Chukua zana ya kuorodhesha miradi ya GitLab, huduma ya kuhifadhi msimbo. Ni kazi ndogo, na kwa udogo wake mwandishi mvivu ataandika: “Huorodhesha miradi.” Si uongo, ila haisaidii. Mtumiaji akisema, “Nitajie miradi yangu,” wakala ataita njia ya /projects kwenye API akiwa na tokeni ya mtumiaji huyo, yaani ufunguo wake wa ruhusa, na GitLab itarudisha kila mradi ambao mwenye tokeni anaruhusiwa kuuona. Kwenye gitlab.com hiyo ni pamoja na miradi ya hadharani ya watu asiowajua kabisa. Ili apate ile ambayo yeye ni mwanachama wake, lazima kigezo cha membership kipewe thamani ya true. Binadamu angeshtuka kuona majina mageni, akarudi kwenye nyaraka. Wakala anaweza kuyapokea vilevile, akayapanga vizuri kwenye jedwali, akamkabidhi mtumiaji akisema hii ndiyo miradi yako.

Halafu kuna suala la kurasa. Usipotaja idadi, GitLab hutoa miradi 20 kwa ukurasa, na ukiomba zaidi haivuki 100. GitHub, huduma nyingine ya aina hiyo, huanzia 30 na kuishia hapohapo kwenye 100. Maelezo yakinyamaza kuhusu hilo, shirika lenye miradi 340 litaambiwa lina 20, tena kwa sentensi iliyonyooka isiyo na chembe ya shaka. Wala kusoma jumla kwenye vichwa vya jibu si suluhisho la kudumu, maana matokeo yakizidi 10,000 GitLab huacha kuituma.

Mimi ningeandika hivi:

“Huorodhesha miradi ya GitLab ambayo mtumiaji ni mwanachama wake. Mradi hapa ni hazina moja ya msimbo pamoja na masuala na maombi ya kuunganisha yaliyomo. Hurudisha miradi 20 kwa ukurasa. Endelea kuomba ukurasa unaofuata hadi usiwepo. Kama jina la mradi unalijua tayari, usitumie zana hii, tumia ya kutafuta. Haibadilishi chochote.”

Sentensi ya pili inaweza kuonekana ya ziada. Nani asiyejua mradi ni nini? Ila kwetu mradi ni kuku wa mayai nyuma ya nyumba, na ni kisima kilichofadhiliwa pia. Hata ndani ya fani yenyewe hawaelewani: GitLab huita mradi kile ambacho GitHub hukiita hazina, na GitHub inaposema Projects inamaanisha ubao wa kupangia kazi. Wakala aliyeunganishwa na huduma zote mbili atakuwa na zana mbili zenye jina karibu moja, zinazorudisha vitu visivyofanana.

Sentensi ya “usitumie” ndiyo ninayoithamini zaidi. Nyaraka tulizozizoea hueleza kitu kinafanya nini, mara chache kisitumike lini. Wakala mwenye zana thelathini mezani anahitaji kukatazwa kama anavyohitaji kuelekezwa, la sivyo atavuta kurasa zote ili apate mradi mmoja, na kila ukurasa unakula nafasi ambayo angeitumia kufikiri. Hiyo ya mwisho, “haibadilishi chochote,” ina alama yake rasmi kwenye itifaki, readOnlyHint. Ila itifaki yenyewe inaonya kwamba alama za namna hiyo zisiaminiwe iwapo seva iliyozitoa haiaminiki.

Limebaki jibu tupu. Kwa mradi wa faragha ambao huna ruhusa nao, GitLab hujibu 404, kana kwamba haupo. Kwenye orodha hautajwi kabisa. Kwa hiyo mhasibu anayeuliza idara yake ina miradi mingapi anaweza kuambiwa hakuna hata mmoja, kumbe ipo, ila tokeni aliyopewa wakala haifiki huko. Kinga yake ni kuongeza mstari mmoja kwenye maelezo: “Orodha tupu ina maana kwamba tokeni hii haioni mradi wowote, usimwambie mtumiaji kwamba miradi haipo.”