Wiski ya Kijapani Kariakoo na Historia ya Katazo

Jumamosi iliyopita nilialikwa nyumbani kwa rafiki yangu wa siku nyingi, anayeishi ghorofani hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Aliwahi kusoma Japani, na mwaka huu mwenyeji wake wa zamani alimletea chupa ya Yamazaki ya miaka 18. "Mwalimu, hii hainywewi kwa pupa," alinionya, akinimiminia kiasi cha kufunika kitako cha bilauri tu. Nilinusa kwanza, nikadondoshea matone mawili ya maji, kisha nikaonja. Ilinukia zabibu kavu, asali na mdalasini. Mwishoni ikabaki ladha ya mbao kuukuu. Ni kinywaji kizuri, sina sababu ya kukana.

Lakini raha ya mwanahistoria haidumu. Nilijiuliza: mkazi Mwafrika wa mtaa huuhuu angekutwa na chupa kama hii mwaka 1925, ingekuwaje? Jibu ni kwamba angekuwa mhalifu. Na miongoni mwa waliotia saini mkataba uliomfanya mhalifu ilikuwemo Japani yenyewe.

Tuanze na mikataba. Mwaka 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalikubaliana kuzuia pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Tarehe 10 Septemba 1919, huko Saint-Germain-en-Laye, Ufaransa, mkataba mpya ulitiwa saini na Marekani, Ubelgiji, Dola ya Uingereza, Ufaransa, Italia, Japani na Ureno. Uingereza ilipokabidhiwa Tanganyika na Shirikisho la Mataifa mwaka 1922, ibara ya 5 ya hati ya udhamini iliitaka idhibiti vikali biashara ya silaha na uuzaji wa pombe kali. Silaha na wiski ziliwekwa katika ibara moja. Na hilo latosha kutuonyesha hofu ilikuwa ya nani.

Sasa tazama sadfa ya tarehe. Mwaka huohuo wa 1919, kijana wa Kijapani aitwaye Masataka Taketsuru alikuwa Uskochi. Alisoma Chuo Kikuu cha Glasgow, kisha akajifunza kazi katika viwanda vya wiski, akiandika kila kitu katika daftari lake. Shinjiro Torii alipoanzisha kiwanda cha Yamazaki mwaka 1923, Taketsuru ndiye aliyekisimamia. Wiski yao ya kwanza iliingia sokoni mwaka 1929, na wanywaji wengi hawakuipenda. Waliendelea hata hivyo. Mwaka 1934 Taketsuru alianzisha kiwanda chake Yoichi. Vita vilipozuia mapipa ya nje, watengenezaji waligeukia mwaloni wa kwao, mizunara. Miaka themanini baada ya Yoichi, mhakiki wa Kiingereza aliitaja Yamazaki moja kuwa wiski bora duniani. Wanunuzi wakafurika, na kwa kuwa wiski ya miaka 18 haitengenezwi kwa miaka miwili, akiba ilipungua; mwaka 2018 kampuni ya Suntory ilisitisha kuuza baadhi ya wiski zake za umri mkubwa. Ndiyo maana chupa ya rafiki yangu ni adimu.

Kipindi hicho cha kujifunza na kukosea, Kariakoo ilikuwa sehemu ya Zoni ya Tatu, eneo la Waafrika, lililotengwa na maeneo mengine kwa uwanja wa Mnazi Mmoja. Mkazi wake aliruhusiwa pombe ya nafaka na tembo, kwa leseni na kwa saa zilizopangwa. Wiski ilikuwa ya Wazungu. Kukeneka moshi lilikuwa kosa. Kwa hiyo ufundi wa kukeneka ulikua gizani: hapakuwa na shule, vipimo, wala pipa la kuachwa miaka 18. Anayemkimbia polisi hawezi kusubiri kinywaji kizeeke.

Vizuizi vya rangi viliondolewa katika muongo wa mwisho wa ukoloni. Katazo la moshi lilibaki. Mwaka 1966 Bunge letu lilitunga sheria mahsusi ya utengenezaji wa moshi, na kukeneka bila leseni kukaendelea kuwa jinai. Uganda ilikuwa imetunga sheria yake ya enguli mwaka 1965: mkenekaji apate leseni na kuuza kwa kiwanda, na hapo ndipo ilipotoka Uganda Waragi. Kenya iliihalalisha chang'aa kwa masharti mwaka 2010. Sisi tulipata Konyagi ya kiwandani, na gongo ikabaki vichochoroni.

Sitaki nieleweke vibaya. Gongo huua na kupofusha, hasa inapochanganywa na kemikali zenye methanoli. Wala Japani si malaika: mwaka 1899 serikali yake iliwapiga marufuku wakulima kutengeneza pombe nyumbani, ili kulinda kodi. Kiwanda cha Yamazaki kilisimama ndani ya dola iliyokwisha kumnyima mkulima mtungi wake. Tofauti ni kwamba dola hiyo ilijiamulia yenyewe nani awe fundi, wakati kwetu uamuzi wa kwanza ulifanywa Brussels, na tulipopata uhuru hatukuuhoji vya kutosha.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, swali langu ni la kikazi. Mama anayekeneka moshi wa mabibo kule Kusini hupimwa kwa kigezo gani: usalama wa kinywaji chake au hadhi yake? Ikiwa ni usalama, basi tumpe kipimo, mafunzo na leseni anayoweza kuilipia, kisha tumwajibishe. Ikiwa ni hadhi, basi tukiri kwamba tunatekeleza bado ibara ya 5.

Rafiki yangu alifunga chupa, akairudisha kabatini. Hakuna aliyetuuliza kitu. Nilipotelemka ngazi kuelekea Msimbazi, nilijua kwamba utulivu ule nao una historia.