Kabla Uniambie Spika Ni Kali, Funga Macho

Wacha nianze kwa kuungama. Mwaka jana duka moja lilinipa spika ya bure nitengeneze video. Ilikuwa nzito, nyeusi, na taa za bluu zinazocheza na besi. Niliiweka kwa meza, nikapiga nyimbo mbili, nikaambia kamera: "Wasee, hii kitu ni moto!" Wiki tatu baadaye kijana wa kidato cha tatu akaniandikia: "Kaka, nilifanya mjengo likizo yote ndio ninunue ile spika. Nikiongeza sauti inakoroma. Ama yangu ni feki?"

Haikuwa feki. Hata yangu ilikuwa inakoroma. Sikuisikia kwa sababu nilikuwa nimekodolea macho zile taa.

Tangu hiyo siku nimekuwa nikisoma historia ya huu ubishi: spika inajulikana kwa sikio ama kwa vipimo? Chuo niliacha, kusoma sikuacha. Na nimegundua ubishi wenyewe una zaidi ya miaka mia, na kila upande umewahi kuchezea watu akili.

Twende Marekani, 1915. Kampuni ya Thomas Edison inauza gramafoni ghali. Inaita watu ukumbini, mwimbaji anasimama kando ya mashine. Anaimba, ananyamaza, santuri inaendelea pale alipoachia. Halafu taa zinazimwa. Sauti bado inasikika gizani. Taa zikiwashwa, mwimbaji hayuko! Kumbe ni mashine iliyokuwa ikiimba. Watu wanapiga makofi, magazeti yanasifu. Kampuni ilifanya maonyesho kama hayo kwa maelfu.

Lakini santuri za wakati huo zina mchakacho ambao hata nyanya yako angeusikia akiwa jikoni. Je, watu wa 1915 walikuwa viziwi? Hapana. Mmoja wa waimbaji hao, Anna Case, alikuja kueleza mwaka 1972 kwamba alikuwa akibadilisha sauti yake ifanane na ya mashine. Soma hiyo tena pole pole. Binadamu ndiye aliyekuwa akiiga gramafoni! Masikio ya watu yalikuwa sawa, ila jaribio lilipangwa na mwenye kuuza.

Sasa utaniambia, basi tuamini namba. Ngoja kwanza.

Miaka ya 1960, hapo hapo Marekani, watengenezaji wa amplifaya walikuwa wanashindana kwa wati, na kila mtu alikuwa na hesabu yake. Wengine waliandika nguvu ambayo mashine inaweza kutoa kwa kufumba na kufumbua tu, si ile inayoweza kubeba wimbo mzima. Ikafika mahali serikali ikachoka. Mwaka 1974 tume ya biashara, FTC, ikaweka sheria: ukitangaza wati, uwe umepima mashine ikifanya kazi mfululizo, na useme sauti inaharibika kiasi gani ikiwa hapo.

Ule ujanja haukufa lakini. Shuka Luthuli Avenue uangalie maboksi ya wufa. Utaona herufi PMPO na namba yenye sufuri za kutosha kuwasha mtaa mzima. Sasa geuza wufa nyuma, usome kibandiko cha umeme. Kikisema inakula wati 60, jua haiwezi kukupa zaidi ya 60 wimbo mzima, hata boksi liape kwa jina la nani. Namba ya nyuma ni ya fundi, ya mbele ni ya mwenye duka.

Na kuna namba za kweli ambazo bado hazikusaidii. Miaka ya 1970 kulikuwa na amplifaya zenye vipimo visafi kabisa ambazo watu walilalamika zinachosha masikio. Mhandisi wa Ufini, Matti Otala, alikuwa ameeleza sababu moja tangu 1970: mashine zinapimwa kwa mlio mmoja uliotulia, lakini muziki unaruka ghafla, na baadhi ya amplifaya zinajikwaa kwenye huo mruko. Kwa hivyo sikio lilikuwa limegundua kitu ambacho hakikuwa kinapimwa.

Hapo ndipo watu wa sikio walipata nguvu. J. Gordon Holt alikuwa ameanzisha jarida la Stereophile mwaka 1962 kwa wazo rahisi: weka kifaa nyumbani, piga muziki, andika unachosikia. Safi. Shida ni kwamba waliomfuata walisikiliza huku wanajua jina la kampuni na bei. Mwaka 2007 Holt mwenyewe, akiwa mzee, alisema biashara ya vifaa ghali vya sauti ilipoteza heshima yake miaka ya 1980 ilipokataa majaribio ya kufichwa. Huyo ni baba wa chama cha masikio, si adui yao.

Aliyenifungua akili ni Floyd Toole, mwanasayansi wa Kanada. Yeye aliweka spika nyuma ya pazia, watu wakatoa alama bila kujua ni gani inalia. Mwaka 1994, yeye na Sean Olive walichapisha jaribio la wasikilizaji 40, wote wafanyakazi wa kampuni inayotengeneza spika. Pazia likiwepo, spika ndogo ya plastiki ya bei nafuu ilijitetea vizuri. Pazia lilipoondolewa, alama zake zikaanguka, na zile kubwa za kupendeza zikapanda. Spika ni zile zile, masikio ni yale yale.

Na tamu zaidi ni hii: Toole alipata kwamba macho yakifichwa, watu wengi huchagua spika ambazo hata vipimo vyake ni vizuri, zile zisizopendelea besi wala sauti za juu. Sikio na mashine vinaelewana mara nyingi. Macho ndiyo yanayoleta fitina.

Siku hizi nafunika spika mbili kwa leso ya mama, binamu yangu anabadilisha waya, mimi naandika. Kwanza tunalinganisha sauti, kwa sababu iliyo juu kidogo huonekana tamu hata kama ni takataka.

Ile video niliitoa. Kijana nilimwomba msamaha, nikamtumia nusu ya pesa yake. Nusu ingine bado namdai mwenyewe.

Ukiniona nikisifu kitu tena, niulize swali moja tu: ulikuwa umefunga macho?