Joto Lenye Kiasi
Mwenye maumivu ya kiuno ya miaka mingi, kama mimi, huwa mwepesi wa kuamini ahadi. Charaka Samhita, kitabu cha kale cha tiba ya Ayurveda huko India, kilinivutia kwa kiasi chake. Kinataja njia 13 za kumtoa mgonjwa jasho kwa moto. Mojawapo ni avagaha: mgonjwa, akiisha kupakwa mafuta, huketi ndani ya chombo chenye maji ya moto au maji ya dawa. Maumivu na ukakamavu vikipungua, jasho likitoka, basi, imetosha. Wajawazito na wenye maradhi ya kutokwa damu hukatazwa. Maji hayo hunipa nafuu ya saa chache. Nami nashukuru, wala sidai zaidi.