Dungu la Bibi na Kabini ya Rafiki Yangu

Rafiki yangu mmoja wa Dar amenunua kiwanja Bagamoyo. Anataka kujenga kijumba kidogo cha kukimbilia Ijumaa jioni, akae mbali na foleni na makelele ya jiji. Kanitumia picha kama hamsini hivi: vijumba vya mbao vya Norway, vya Canada, vya Japani. Anataka kiwe kidogo, kisile umeme, kisihitaji kiyoyozi na kisiharibu mazingira. Mwisho akaniuliza: "Wewe unayependa historia, hebu niambie, haya mambo yalianzia wapi?"

Nilicheka sana. Mimi ni mtoto wa Michenga, pale Ifakara. Bibi yangu amekuwa na kijumba cha namna hiyo maisha yake yote. Tofauti ni kwamba yeye hakwenda huko kupumzika.

Wazungu wakieleza habari hizi huanza na Henry David Thoreau, yule Mmarekani aliyejenga kibanda chake kando ya ziwa dogo la Walden mwaka 1845. Aliandika hesabu yake yote, na jumla ilikuwa dola 28 na senti kadhaa. Sina ugomvi naye. Ila kwenye bonde la Kilombero watu walikuwa na hesabu yao, na haikuandikwa popote kwa sababu hapakuwa na risiti. Miti ya porini, mianzi, matete, nyasi, kamba za magome. Siku mbili tatu za kazi, pombe kidogo kwa majirani waliokuja kusaidia, basi. Kijumba kimesimama.

Tunakiita dungu.

Kwa ambaye hajawahi kuliona, dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, katikati ya shamba la mpunga au kando yake. Unapanda kwa ngazi ya miti. Sakafu ni fito au mianzi iliyopangwa ikiacha nafasi ndogo ndogo. Paa ni la nyasi, limeshuka chini kiasi cha kuficha jua la saa tisa. Kuta ni nusu, au hakuna kabisa. Ukikaa juu unaona shamba zima, na hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza: kulinda. Mchana unaamia ndege, usiku unasikiliza nguruwe pori, na karibu na mto unasikiliza kiboko.

Kazi ya pili ni maji. Bonde la Kilombero ni tambarare kubwa iliyolala kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge, na Ifakara iko chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari. Mvua kubwa ikinyesha milimani, mito yote inashuka bondeni na tambarare inageuka ziwa. Wandamba, ambao ni wavuvi na wakulima wa mto, walijifunza zamani kuishi na maji hayo badala ya kupigana nayo. Na mto Kilombero ukiufuata hadi unapoingia Rufiji, utakuta Warufiji nao wana madungu kwenye mashamba yao ya bondeni. Mto mmoja, akili moja.

Sasa ngoja tuliangalie dungu kama anavyoliangalia fundi wa majengo.

Joto la Ifakara mnalijua. Nyumba ya matofali inakusanya joto la mchana kutwa, halafu usiku inakurudishia, wakati wewe unatafuta usingizi. Bati ndiyo kabisa, saa saba mchana ni kikaango. Paa la nyasi ni jambo jingine, kwa sababu nyasi zimeshika hewa ndani yake na joto halipiti kirahisi. Jua likizama, hakuna kitu kizito kilichobaki na moto. Upepo unapita juu, chini na pembeni. Sakafu haigusi ardhi iliyolowa. Kijumba kikichoka baada ya misimu kadhaa, miti inakuwa kuni na nyasi zinakuwa mbolea. Rafiki yangu anatafuta mchoraji wa kumlipa ili apate hayo yote. Bibi yangu hajui hata kuandika jina lake.

Lakini hapa ndipo historia inapoanza kuuma, kwa hiyo tusikimbilie kusifia.

Zamani watu wengi wa bondeni waliishi karibu na mashamba yao, nyumba moja hapa, nyingine kule. Halafu yakaja mambo ya vijiji. Rufiji walitangulia: baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamisha watu kutoka bondeni kwenda sehemu za juu. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kuishi vijijini si hiari tena, ni amri, na kufikia mwisho wa 1976 kila mtu awe kijijini. Miaka hiyo hiyo Wachina na Watanzania walikuwa wanajenga reli ya TAZARA, ambayo ujenzi wake ulianza 1970 na ikakabidhiwa rasmi 1976. Reli ilipita bondeni kwetu, Mang'ula, Ifakara hadi Mlimba. Mwanahistoria Jamie Monson ameeleza vizuri jinsi reli na vijiji vya ujamaa vilivyokwenda pamoja, vijiji vikipangwa kufuata njia ya treni.

Sikatai faida zake. Shule, zahanati, barabara, duka. Mama yangu alisoma kwa sababu ya kijiji. Lakini watu walihamishwa, mashamba yakabaki pale pale. Mpunga haukupewa amri ya kuhamia kijijini.

Hivyo basi familia zikawa na makazi mawili. Nyumba ya kijijini kwa ajili ya serikali na shule, na dungu la shambani kwa ajili ya chakula. Wengine walitembea nusu siku kufika shambani. Kuanzia kulima hadi kuvuna, unaweza kukaa huko wiki au miezi. Watoto wadogo wanachukuliwa kwa sababu hakuna wa kuwaachia. Kijumba kilichokuwa cha kulindia mpunga kikawa nyumba ya nusu mwaka.

Na nyumba hiyo ilikuwa wazi. Upepo ukipita, mbu anapita pia.

Mdogo wake mama yangu alifia huko mwaka 1978, wakati wa kuamia ndege. Alikuwa na miaka minne. Homa ilianza jioni, mto ulikuwa umejaa, njia yote ilikuwa maji. Bibi alimbeba mgongoni alfajiri. Hawakufika mbali. Bibi akisimulia habari hii hasemi malaria, anasema "shamba lilimchukua". Nilipokuwa mdogo nilidhani ni namna ya kusema tu. Siku hizi naona alikuwa anaeleza jambo kwa usahihi kabisa.

Ajabu ni kwamba mambo haya yalikuwa yanatokea pembeni ya mji ambao dunia nzima ya wanasayansi wa malaria inaujua. Mwaka 1957 Mswisi mmoja, Profesa Rudolf Geigy wa Basel, alianzisha maabara Ifakara. Maabara hiyo ilikua, ikawa kituo cha Kitanzania miaka ya 1990, na leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Kuanzia 1996 wamekuwa wakifuatilia kaya za Kilombero na Ulanga mwaka hadi mwaka, nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama. Mradi wao wa vyandarua wa miaka hiyo ya mwisho wa tisini ulifika vijijini kwetu, na wakubwa wenzangu watakumbuka chandarua cha Zuia Mbu.

Lakini chandarua kinataka kitanda, kamba na ukuta wa kufungia. Kwenye dungu utakifunga wapi?

Swali hilo walikuja kulikamata vizuri watafiti vijana wa Ifakara. Mwaka 2016 walichapisha utafiti walioufanya katika vijiji vinne vya wilaya ya Ulanga, ng'ambo ya mto. Walichukua vibanda 20 vya mashambani na nyumba 20 za vijijini, wakahesabu mbu. Unadhani walikuta wapi mbu wengi? Idadi ilikuwa karibu sawa! Maana yake hata nyumba zetu za vijijini zina matundu, hasa pale juu ukuta unapokutana na paa. Tofauti ni kwamba kijijini ukiumwa zahanati haiko mbali. Shambani uko wewe, mto na Mungu wako.

Halafu hawakuishia kuhesabu. Wakabuni kijumba kidogo cha kuhamishika, kisichopitisha mbu, ambacho mkulima anaweza kukibeba akakisimamisha shambani. Walipokijaribu, mbu hawakuingia kabisa, na wakulima waliokilalia walikipenda. Mwaka 2019 wakaja na majaribio mengine: kanda za gunia zilizotiwa dawa ya kufukuza mbu, unazizungushia pale juu chini ya paa la kibanda ulicho nacho tayari. Hiyo ya pili mimi naipenda zaidi, kwa sababu haimwambii mkulima abomoe. Inaanza na kile alichokijenga mwenyewe.

Kwingineko watu wanafika kwenye wazo hilo hilo kwa njia nyingine. Kule Magoda, Muheza, kati ya 2014 na 2015 zilijengwa nyumba za majaribio zenye kuta nyepesi zinazopitisha hewa, nyingine za ghorofa, mfano wake umetoka kusini-mashariki mwa Asia ambako watu wanalala juu. Zilikuwa na ubaridi zaidi ya nyumba za kawaida kwa zaidi ya nyuzi 2, na mbu walipungua sana, hasa kwenye za ghorofa. Kazi hiyo ikazaa nyumba 110 zilizojengwa vijijini mkoa wa Mtwara. Na huko Gambia, watafiti walijenga vibanda vinavyofanana, wakaviinua kwa vimo tofauti. Kilichoinuliwa mita 3 kiliingiza mbu wa malaria pungufu kwa asilimia 84 kuliko kilichokaa chini. Matokeo yalitoka 2021.

Mita 3 juu ya ardhi. Nilipolisoma hilo nikakumbuka ngazi ya dungu la bibi.

Nisieleweke vibaya. Sisemi wazee walijua sayansi ya mbu. Walipanda juu kwa sababu ya maji, wanyama na ndege. Ila walikuwa na nusu ya jibu mikononi mwao kwa miaka mingi, na nusu ya pili, wavu wa kuziba matundu, haikuwafikia. Sisi tuliosoma tukaja tukasema dungu ni ushamba, nyumba bora ni tofali na bati. Kati ya hayo mawili, mtoto wa miaka minne akapotea.

Kwa nini naandika haya leo? Kwa sababu msimu huu familia yetu inajenga upya kibanda cha shambani. Mafuriko ya 2024 yaliondoka na kile cha zamani. Mjomba anataka tofali na bati, anasema amechoka kujenga kila baada ya miaka michache. Bibi anataka dungu. Mimi nimepigiwa simu kwa sababu mimi ndiye mwenye mshahara.

Kuna jambo jingine linaloning'inia juu ya vichwa vyetu. Bonde hili ni ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya mkataba wa Ramsar tangu 2002, na zamani ndiyo lilikuwa makazi makubwa ya sheshe duniani. Mwaka 2023 sehemu yake ilitangazwa kuwa Pori la Akiba la Kilombero, na wapo wakulima waliotakiwa kuondoka. Shamba letu liko nje ya mpaka, kwa jinsi tunavyoelezwa. Lakini mtu akijenga kwa saruji mahali ambapo mto unaweza kuja kesho na mpaka unaweza kuja keshokutwa, anacheza kamari na hela ya ada.

Basi nilipokwenda nikakaa na bibi nje ya nyumba yake, nikamweleza habari za Gambia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo Wazungu wamepanda ngazi?" akauliza.

"Wamepanda, bibi. Na Watanzania wamepanda pia."

"Wakaweka na wavu?"

"Wakaweka."

Akanyamaza kidogo. "Basi na sisi tuweke wavu."

Hivyo ndivyo tulivyokubaliana. Nguzo za mti mgumu, sakafu juu kuliko alama ya maji ya 2024. Sakafu ya mianzi iliyobanwa, na chini yake wavu. Kuta za matete kwa ndani zimewekwa wavu kuanzia chini hadi kwenye paa, bila kuacha upenyo wowote pale juu. Mlango mmoja unaojifunga wenyewe. Paa la nyasi, na taa ndogo ya jua. Mjomba kapata bati lake, ila ni juu ya jiko la pembeni, na nguzo zimefungwa kwa boliti ili tukitakiwa kuhama tufungue tubebe. Kamba za magome tumezikosa, msitu wa karibu umekwisha. Tumetumia nailoni.

Rafiki yangu wa Bagamoyo nimemtumia mchoro huo. Kaniambia ni mzuri, anauliza fundi anapatikana wapi. Nikamwambia fundi ana miaka themanini na kitu, anakaa Michenga, na hachukui kazi za nje ya shamba lake.