Pembe Nne za Almasi

Chukua karatasi uchore mraba wenye upande wa sentimita 14. Ndani yake chora duara kubwa kabisa linaloweza kuingia. Litagusa kila upande mahali pamoja tu, katikati. Mraba una eneo la sentimita za mraba 196. Duara, kwa pai yetu ile ya 22/7, lina 154. Zinabaki 42, zimejibanza kwenye kona nne, na hakuna ujanja wa kuziingiza.

Tulilikariri fumbo hili ili tufaulu, basi. Kumbe hapa kwetu Shinyanga lina historia yake.

Mwaka 1940 John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aligundua almasi Mwadui. Ukitoka kwetu Samuye unapita Shinyanga mjini, unashika njia ya Mwanza mpaka Maganzo, na hapo mgodi uko jirani. Mwamba wenye almasi ulikuwa na eneo la hekta 146 hivi juu ya ardhi. Ungekuwa duara kamili, kuuzunguka kwa miguu ni zaidi ya kilomita 4.

Oktoba 1947 likatoka humo jiwe la rangi ya waridi, karati 54.5. Karati 1 ni gramu 0.2, kwa hiyo lote halikufika hata gramu 11. Williamson akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, zawadi ya harusi. Mwaka 1948 mafundi wa London wakalichonga likawa la mviringo. Kulipima: karati 23.6! Mwaka 1953 Cartier wakaliweka katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua.

Sasa toa. Karati 30.9 zimekwenda wapi?

Almasi ghafi nyingi zina umbo la piramidi mbili zilizounganishwa vitako. Fundi akiikata kiunoni anapata mraba, na duara lake lazima liguse pande nne, lisizidi. Kwa njia ya zamani aliizungusha huku akiisugua kwa almasi nyingine mpaka kona ziishe. Hapo eneo limepungua 3/14, yaani 21 na kitu kwa 100. Bado juu na chini. Mwaka 1919 Marcel Tolkowsky, wa ukoo wa wachonga almasi wa Antwerp, alitoa kitabu kinachopiga hesabu za pembe ili mwanga unaoingia kwa juu urudi juu. Jiwe likiachwa nene au jembamba kupita kiasi, mwanga unavujia chini, linakuwa kama kipande cha chupa. Kwa hiyo linapunguzwa tena ili ling'ae.

Williamson alifariki mwaka 1958. De Beers na serikali ya Tanganyika wakagawana mgodi nusu kwa nusu. Mwaka 1973 serikali ikauchukua wote. Mwaka 1994 De Beers wakarudi na 75 kwa 100, serikali ikabaki na 25. Linganisha na zile 21 za kwenye kona, jamani.

Vumbi la almasi halitupwi, maana ndilo linalong'arisha almasi nyingine. Kwa hiyo kwenye karakana ile ya London, mwaka 1948, kuna mtu alilikusanya. Huyo ndiye ninayemtaka kwenye riwaya yangu. Malkia wameshamwandika wengine.