Mwenye, Mwenyekiti, Wenyewe

Tulikwama kwenye jina mpaka saa nane mchana. Nilikuwa nimetoka Mbarara asubuhi kwa kazi niliyoiona ndogo: kukisaidia kikundi cha wakimbizi kuiweka katiba yake kwa Kiswahili kabla haijapelekwa wilayani Isingiro kuandikishwa. Mkutano ulifanyika chini ya mwembe, karibu na senta ya Rugaaga, upande wa kuelekea makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Ibara za uchaguzi na za fedha zilipita bila ubishi. Ibara ya kwanza, ile ya jina, ndiyo iliyokataa kupita.

Mwenyekiti, mama wa Kikongo, aliweka sharti kabla ya lolote: kila anayesema ataje jina lake kwanza. Papa mmoja asiyeona alikuwa amekaa ubavuni mwake ameinamisha kichwa, sikio upande wa wasemaji, na bila majina yale kwake mkutano ungekuwa kelele tu. Kijana kiziwi alihamishwa mara mbili kadiri kivuli kilivyosogea, asije akalitazama jua badala ya mikono ya mkalimani.

Rasimu iliandika "Umoja wa Walemavu". Wakongo wakasema kwao Kivu watu husema bilema, na hawakulipenda neno hilo kwao wala hapa. Wanyarwanda wakaeleza kuwa lugha yao imekwisha kuliacha neno la aina hiyo: zamani ilisemwa ikimuga, sasa husemwa umuntu ufite ubumuga, mtu mwenye ulemavu. Tazama kilichotendeka. Neno limetolewa katika ngeli ya vitu likaanza na mtu. Kiswahili nacho kimepita njia hiyohiyo. Tanzania kuna CHAWATA, Chama cha Walemavu, na kuna SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 imeshika hili la pili. Ukiyaweka majina hayo mawili pamoja unaiona historia nzima ya mjadala.

Wapo wanaoamini kwamba mkosaji ni kiambishi ki-: kipofu, kiziwi, kilema, kiwete, vyote vimewekwa kapu moja na kiti na kisu. Nimewahi kuyaamini hayo, sasa siyaamini. Katika kapu hilo wamo pia kijana, kinyozi, kiranja na kiongozi. Sarufi inawapokea wote kama watu: kiongozi amefika, kiziwi amefika. Dharau huingia pale msemaji anapoamua kuvunja upatanisho na kusema "kiwete kile kimefika". Hapo hakuna kosa la lugha, kuna mtu aliyechagua. Ndiyo maana viziwi wa Tanzania wamekiita chama chao CHAVITA, Chama cha Viziwi, bila kuomba radhi, kwa kuwa uziwi kwao ni lugha na jamii. Wanachokikataa ni bubu, maana anayezungumza kwa mikono si bubu. Wenzao wa TLB wamechagua kujiita Chama cha Wasioona. Makundi mawili, machaguo mawili, na yote ni sahihi kwa sababu moja: walichagua wenyewe.

Hilo neno "wenyewe" ndilo lililonirudisha kwenye "mwenye".

Nakivale ina jina lake tayari kwa watu hawa, nalo linatoka ofisini: PSN, pii-esi-eni. Lina mapana ya kutisha. Ndani yake wamo wazee wasio na wa kuwaangalia, watoto waliotengana na wazazi, akina mama wanaolea peke yao, wagonjwa wa muda mrefu, na watu wenye ulemavu. Hutafsiriwa "wenye mahitaji maalumu". Mtu anajitambulisha, "Mimi ni pii-esi-eni," kama anayetaja kabila. Simlaumu. Majina ya ofisi hapa yanafika hadi kwenye sufuria. Julai 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianza kuwagawia wakimbizi wa Uganda chakula kwa makundi: waliohesabiwa kuwa dhaifu zaidi wakapata asilimia 60 ya mgao kamili, wa kati asilimia 30, na waliohesabiwa kuwa wanajitegemea hawakupata kitu. Mahali ambapo neno lililoandikwa mbele ya jina lako linaamua unga, mjadala wa istilahi hauwezi kuitwa anasa.

Mama mwenyekiti alisikiliza hoja ya kulitumia jina la PSN mpaka ikaisha. Kisha akataja jina lake, kama sharti lake lilivyotaka, akasema: "Mimi sina mahitaji maalumu. Nataka maji, choo na njia. Nani hapa hataki maji, choo na njia?"

Akainua kamba. Ilikuwa kamba ya katani yenye mafundo mawili, na umbali kati ya fundo na fundo ndio upana wa kiti chake cha magurudumu, kuanzia rimu ya kushoto hadi ya kulia, na nafasi ya vidole juu yake ili asichubuke. Huitembeza. Akifika kwenye choo kipya, shule au ofisi, huiweka mlangoni kabla ya salamu kwisha. Katika rasimu kulikuwa na mstari mtupu ulioandikwa "Dhamira", na nilikuwa nimeujaza kwa sentensi ndefu ya kupendeza kuhusu jamii jumuishi. Niliifuta nikiwa nimekaa palepale. Dhamira ni jirani wa dhamiri, na yote mawili yana asili moja ya Kiarabu, yakimaanisha kile mtu anachokibeba moyoni. Mama huyu alikuwa anakibeba mkononi, kimepimwa.

Sentensi yangu iliyofutwa ilikuwa na kosa la ndani zaidi, nalo ni kitenzi. Nilikuwa nimeandika kwamba watu wenye ulemavu "watashirikishwa". Lugha ya miradi inaipenda kauli hiyo: kushirikishwa, kujumuishwa, kuwezeshwa. Zote ni kauli ya kutendwa, na kila kitendwa kina mtenda aliyejificha. Nani anashirikisha? Ana mlango upi mkononi, na ataufunga lini? Kushiriki ni kitenzi cha mtu mzima, chenye nafsi yake: nashiriki, tunashiriki. Kujumuisha nako ni kutafuta jumla, na tangu shule ya msingi tunajua jumla iliyoacha namba moja nje si jumla pungufu kidogo, ni jibu lisilo sahihi.

Uganda inalijua jambo hili katika sheria zake. NUDIPU, umoja wa kitaifa wa watu wenye ulemavu, ulianzishwa mwaka 1987. Katiba ya 1995 inataka lugha ya alama iendelezwe, na Bunge lina viti 5 vya wawakilishi wa watu wenye ulemavu. Mwaka 2006 ulileta mambo matatu kwa pamoja: sheria ya watu wenye ulemavu (iliyokuja kubadilishwa na ile ya 2020), Sheria ya Wakimbizi, na mwezi Desemba, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Uganda iliuridhia mwaka 2008. Ibara ya 11 ya mkataba huo inawataja waliomo katika hatari, vita na maafa. Lakini mkimbizi hapigi kura ya Bunge. Mtu aliyevuka kutoka Kivu kwa kubebwa mgongoni anafika katika nchi yenye viti 5 vya watu kama yeye, na hakuna hata kimoja anachoweza kumchagulia mtu. Kwa hiyo kikundi cha chini ya mwembe kinabeba uzito ambao kingine cha aina yake mjini Mbarara hakiubebi.

Kuhusu kazi yenyewe ya kikundi, wengi wetu tunasema utetezi. Mashirika ya Tanzania yana neno lingine, uchechemuzi, na nilipolitamka pale mtu mmoja mwenye mkongojo alitikisa kichwa, maana sikio lake lilisikia kuchechemea. Nikamwomba asikilize tena. Kiswahili kina kauli ya kutendua: funga, fungua, ziba, zibua, choma, chomoa. Ukilisikia neno kwa sikio hilo, chechemua linakuwa tendo la kuondoa kile kinachomfanya mtu achechemee: ngazi, tope la masika, mlango mwembamba. Sisemi ndivyo lilivyozaliwa. Nasema ndivyo linavyoweza kuishi. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema liandikwe, lakini utetezi nao ubaki, kwa ajili ya wale wa wilayani.

Basi jina. Papa asiyeona ndiye aliyelitatua. Alitaja jina lake, akauliza kwa nini tunaona haya na neno "mwenye" wakati tunalitumia siku nzima kwa heshima. Mwenye nyumba. Mwenye duka. Mwenyeji, yule mwenye mji, ambaye sisi hapa hatujawa. "Na huyu mama," akasema, "mnamwita nani?"

Mwenyekiti. Tulimtazama mama katika kiti chake cha magurudumu, na hakuna aliyecheka, kwa sababu wote tulilisikia neno kwa mara ya kwanza. Likaandikwa: Watu Wenye Ulemavu. Kijana kiziwi aliomba mstari mmoja uongezwe, kwamba kila mkutano uwe na mkalimani au usifanyike, na ukaandikwa katika ibara ya kwanza, chini ya jina, kabla ya fedha.

Jua lilipopoa tuliondoka. Nilimwendea Papa nikamshika mkono ili nimwongoze hadi barabarani, akajitoa taratibu. "Hapana, mwalimu. Wewe tembea. Mimi ndiye ninayekushika." Akaweka vidole vyake juu kidogo ya kiwiko changu, akabaki nusu hatua nyuma. Kila nilipopunguza mwendo alijua kuna shimo, na kila nilipopanda alijua kuna tuta, bila mimi kusema neno. Kuongoza kwangu kote kulikuwa kwenda kwa hatua aliyoweza kuisoma. Tulipofika barabara ya Rugaaga akaachia kiwiko mwenyewe, akasimama kuisubiri bodaboda.