Lubega Mbele ya Kamera: Nguo na Nyimbo Katika Njia ya Same

Historia ya mavazi katika video za muziki wa Tanzania huandikwa kutokea Dar es Salaam, kwa kuwa huko ndiko ziliko studio, kamera na magazeti. Mimi naona inasomeka vizuri zaidi ukisimama Same. Mji huu umekaa kwenye barabara kuu inayotoka Arusha na Moshi kuelekea Tanga na Dar es Salaam. Upande wake mmoja imeinuka milima ya Upare, penye tangawizi, migomba na makanisa. Upande wa pili kuna tambarare za Mto Ruvu, ambako wafugaji wamevaa lubega tangu babu zao. Katika mtaa mmoja utakutana na mchungaji mwenye shuka na rungu, kijana mwenye jinzi ya mtumba, na wanakwaya waliovaa sare ya rangi moja wakisubiri gari la kupanda mlimani. Wote hao wameingia kwenye video za muziki wetu, lakini hawakupokelewa kwa namna moja.

Nguo ilifika hapa kwa njia ya biashara kabla ya reli na kabla ya Mjerumani. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka Pangani ilifuata bonde la mto kwenda Kilimanjaro, ikibeba merikani na kaniki. Upare ulikuwa na chuma chake, kilichofuliwa na ukoo wa Washana, na kitambaa kikawa mali mpya ya kubadilishana. Baadaye wakaja wamisionari: Walutheri wa Leipzig upande wa kaskazini, na Waadventista waliofungua kituo Mamba Giti mwaka 1903. Kwa msomaji wa misheni, shati na gauni vilikuwa ushahidi kwamba amebadili maisha. Tangu hapo kuvaa na kuimba vilifundishwa chini ya paa moja, na matokeo yake bado tunayaona.

Serikali huru nayo ilikuwa na maoni makali juu ya mwili wa raia. Mwaka 1967 ilianza kampeni katika Mkoa wa Arusha ya kuwataka Wamasai waache lubega na udongo mwekundu, wavae suruali kama wananchi wengine. Haikupita miaka miwili, Umoja wa Vijana wa chama tawala cha TANU ukatangaza Operesheni Vijana, iliyoanza Januari 1969, kupiga vita sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na dawa za kujichubua. Mwaka huohuo muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Naomba msomaji aziweke kampeni hizi mbili pamoja. Mmasai alikatazwa nguo yake kwa sababu ilionekana ya kale mno; msichana wa mjini akakatazwa yake kwa sababu ilionekana ya kigeni mno. Kati ya hapo palibaki nafasi nyembamba sana ya kuvaa. Ni katika mwaka uleule wa 1969 ambapo Isaria Kimambo, mwana wa Upare, alichapisha kitabu chake cha historia ya kisiasa ya Wapare na kuonyesha kwamba jamii hizi zilikuwa na historia ndefu na utaratibu wake kabla ya mkoloni. Kitabu kilikuwa kinarudisha heshima ileile ambayo kampeni za mavazi zilikuwa zinaiondoa.

Televisheni ilichelewa. Zanzibar ilikuwa nayo mapema miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Kufikia wakati huo biashara ilikuwa imefunguliwa na marobota ya mitumba yalikuwa yameshazoeleka. Kwa watu wa Same, soko la mitumba la Memorial pale Moshi lilikuwa mbali kidogo lakini halikukosa kitu. Vijana wa kwanza wa rap walijivika kwa mitumba hiyo: fulana pana, jezi za mpira wa kikapu, buti nzito. Hawakuwa na mbunifu wala mshauri wa mavazi. Waliona kanda za Marekani, wakaenda kuchambua rundo.

Ndipo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, akatokea Mr. Ebbo. Jina lake ni Abel Motika, Mmasai aliyezaliwa Arusha na kufanya kazi Tanga, alikokuwa na studio yake, Motika Records. Maisha yake ya muziki yalikuwa juu ya barabara hiihii inayokata Same. Katika wimbo wake wa Mi Mmasai alirap kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kimasai, na mbele ya watazamaji akasimama na shuka lake. Watu walicheka, kwa kuwa alitaka wacheke. Lakini yule mtu wa lubega, aliyekuwa akitaniwa stendi zote za nchi, sasa ndiye aliyeshika maiki na kuwatania watu wa mjini kwa desturi zao. Miaka thelathini na kitu baada ya kampeni ya 1967, nguo iliyotakiwa kufutwa ilikuwa inatamba kwenye televisheni na kwenye mabasi ya mikoani, ambamo abiria walizitazama video za Bongo Fleva safari nzima huku nje kukipita mibuyu na mashamba ya mkonge.

X Plastaz wa Arusha walikwenda mbali zaidi, na kwa maoni yangu ndio waliofanya kazi iliyo bora. Mwenzao Merege aliingiza uimbaji wa Kimasai katikati ya rap, akiwa katika mavazi yake kamili, na hakuna aliyemfanya kichekesho. Katika albamu yao ya Maasai Hip Hop ya mwaka 2004, sauti na nguo vinakwenda pamoja. Ukimvua Merege shuka, wimbo unapungua. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia ninapotazama video za baadaye, ambamo morani hupangwa nyuma ya mwimbaji, wakaruka mara mbili tatu, na hakuna anayesikia sauti zao. Hapo lubega imekuwa pazia. Louis Vuitton nao walionyesha mitandio ya drafti za shuka katika mavazi ya wanaume mwaka 2011, mwaka uleule Mr. Ebbo alipofariki. Kitambaa kilifika Paris, lakini wenyewe hawakualikwa.

Baada ya hapo fedha ziliongezeka na macho yakageukia nje. Diamond Platnumz alipopiga video ya Number One Afrika Kusini mwaka 2013, ilieleweka kwamba sasa mavazi ni sehemu ya bajeti. Marufuku nayo haikuondoka: Mei 2016 serikali iliizuia video ya Chura ya Snura kwa sababu ya maadili, na safari hii tena mwili uliojadiliwa ulikuwa wa mwanamke.

Upare wenyewe ulipata kamera kwa mlango mwingine. Kwa kuwa kuvaa na kuimba vilifundishwa kanisani, video ya mlimani ni ya kwaya. Nasema hili kwa fahari, maana wahakiki wa mitindo hawalitazami kabisa. Kwaya huchangishana, huchagua rangi kwa mabishano marefu, hununua kitambaa kwa jora, na fundi cherehani mmoja hushona miili thelathini kwa mshono mmoja. Waadventista, yaani Wasabato, huimba bila hereni wala mikufu, hivyo urembo wote lazima utoke kwenye mshono, rangi na mpangilio wa safu. Kwaya moja hubadili sare mara tatu au nne katika wimbo mmoja, bustanini, maporomokoni, mbele ya kanisa. Ukizipanga video hizo kwa miaka, utaona mabega yaliyojazwa yakiondoka, satini ikiingia, kitenge kikirudi, suti za wanaume zikibana.

Video nyingi za kwaya zilitoka kwenye kanda za VHS na diski za VCD zilizouzwa mlangoni mwa kanisa, na diski hizo zinachubuka na kuharibika makabatini. Makumbusho yetu yanahifadhi majembe ya Washana, na yanafanya vema. Diski hizi zinastahili rafu jirani, pamoja na jina la fundi aliyeshona kila sare, wakati mafundi hao wangali hai na wanakumbuka vipimo.